Historia ya Mistari Nyuma ya Kitabu

Siku tulipopeleka kijitabu chetu dukani, sisi vijana wanne wa kikundi kidogo cha uandishi, hakuna aliyekuwa na wasiwasi na hadithi zilizomo. Tulikuwa tumezipiga msasa kwa miezi minane. Tulikuwa na nakala 200 zilizobanwa kwa pini, na duka moja la vitabu la mjini lilikubali kuchukua 40 kwa majaribio. Keshia akachukua nakala ya kwanza, akaigeuza, akapitisha skana juu ya mistari. Kimya. Akapitisha tena. Kimya. Akaifuta jalada kwa kitambaa, akajaribu mara ya tatu, kisha akatutazama kwa huruma.

"Wadogo zangu, hii haisomeki. Kompyuta ikikataa, mimi siwezi kuuza."

Tukarudi nazo zote 40 kwenye daladala, tumezipakata.

Mistari ile tulikuwa tumeitengeneza wenyewe. Mmoja wetu alipata fonti ya msimbomilia, ile ambayo mtaani tunaiita bakodi, akaiweka kwenye kompyuta ya steshenari. Akaandika tarakimu 13 za kitabu chetu, akabadili fonti, na tarakimu zikageuka mistari. Tulishangilia wee! Kwa macho ilifanana kabisa na ile iliyo kwenye sabuni na dawa ya meno. Kumbe tulikuwa tumechora picha ya maandishi. Kuandika tulikuwa bado. Ndipo nikaanza kujiuliza: haya maandishi yalitoka wapi, ni nani aliyeyatunga, na kwa nini yalitukataa sisi? Ndugu msomaji, kama na wewe una mswada kabatini na unaota siku moja kuuona dukani, basi historia hii inakuhusu.

Vidole vinne mchangani

Mwaka 1948, katika mji wa Philadelphia, Marekani, mkubwa mmoja wa kampuni ya maduka ya vyakula alikwenda kwenye chuo cha Drexel na ombi. Alitaka chuo kitafute njia ya kunasa habari za bidhaa palepale mteja anapolipa. Maana enzi hizo keshia alisoma bei kwa macho na kuigonga kwa vidole, na mwenye duka hakujua kilichobaki rafuni mpaka ahesabu kopo moja moja. Chuo hakikupokea kazi hiyo. Lakini kijana mmoja, Bernard Silver, aliyasikia mazungumzo yale, akamsimulia mwenzake Norman Joseph Woodland.

Kwanza walijaribu wino unaong'aa chini ya mwanga wa urujuanimno. Wino ukawa ghali, tena ukafifia. Woodland hakukata tamaa. Akaondoka kwenda kukaa kwa babu yake Miami Beach, Florida, apate nafasi ya kufikiri. Siku moja, katika majira ya baridi ya 1948 kuelekea 1949, alikuwa amekaa ufukweni akiwaza. Alikuwa anaijua alfabeti ya Morse tangu alipokuwa skauti, ile ya nukta na vistari. Akachoma vidole vyake mchangani, kisha akavivuta kuelekea kwake. Mchangani ikabaki mistari. Akaona papo hapo: nukta na vistari vya Morse vikivutwa kwenda chini, vinakuwa mistari myembamba na minene. Na unene wa mstari unaweza kuwa herufi.

Tarehe 20 Oktoba 1949 wawili hao waliomba hataza ya uvumbuzi wao, wakaipata tarehe 7 Oktoba 1952. Ndani yake kulikuwa na mistari iliyonyooka, na pia umbo la duara ndani ya duara, ili isomeke kutoka upande wowote. Kifaa chao cha kwanza cha kusomea kilitumia taa ya wati 500, ikatoa joto mpaka karatasi ikaanza kufuka moshi. Wazo lilikuwa limezaliwa kabla ya zana zake. Mwaka 1962 waliiuza hataza kwa kampuni ya Philco kwa dola 15,000. Mwaka uliofuata Silver akafariki dunia, hakuyaona matunda yake. Woodland aliishi hadi 2012.

Nalitaja hili la dola 15,000 makusudi. Sisi waandishi hupenda kulia kwamba kazi zetu huliwa na wengine. Haya, tujue kwamba hatuko peke yetu.

Chingamu ya Troy

Mwaka 1960 ilitengenezwa leza ya kwanza, na baada ya muda ukapatikana mwanga mwembamba wa kusomea mistari bila kuunguza karatasi. Miaka ya 1970 ilipoanza, wenye viwanda na maduka ya vyakula Marekani walikaa kamati kuchagua alama moja itakayotumiwa na wote. Kampuni ya RCA ilileta duara. Duara ni zuri, lakini mtambo wa kuchapa ukivuta wino kidogo kuelekea inakopita karatasi, miviringo inagusana na kuharibika. George Laurer wa IBM alileta mistari iliyosimama. Hiyo, ukiichapa kwa kufuata urefu wake, wino ukivutika unaongeza urefu tu, unene haubadiliki. Tarehe 3 Aprili 1973 kamati ikachagua mistari. Woodland naye wakati huo alikuwa mfanyakazi wa IBM, na alishiriki.

Tarehe 26 Juni 1974, katika duka la Marsh mjini Troy, jimbo la Ohio, pakiti ya chingamu ya Juicy Fruit ilipitishwa juu ya skana. Mashine ikalia. Senti 67. Hiyo ndiyo bidhaa ya kwanza kuuzwa kwa mistari tunayoijua.

Hapa kuna jambo ambalo wengi tunalikosea. Mistari haibebi bei. Haibebi jina la bidhaa, wala tarehe ya kuharibika. Inabeba namba, basi. Namba hiyo inakwenda kwenye kompyuta ya duka, na huko ndiko kuna jedwali linalosema: namba hii ni chingamu, bei yake senti 67. Jedwali likiwa tupu, mistari mizuri kiasi gani haina la kusema. Kwa sababu hiyohiyo watetezi wa wanunuzi na vyama vya wafanyakazi huko Marekani walikuja juu miaka hiyo ya 1970. Walisema: bei ikitoka kwenye kopo na kuhamia kwenye kompyuta, mnunuzi atajuaje kwamba hajaibiwa? Baadhi ya majimbo yakapitisha sheria kwamba bei ibandikwe juu ya kila bidhaa kama zamani. Malalamiko yao yalikuwa na msingi. Waliona kwamba maandishi mapya yameingia mjini, na mwananchi wa kawaida hawezi kuyasoma.

Asiyeweza kusoma huyajaza maandishi maana zake mwenyewe. Nani kati yetu hajasikia kwamba bakodi zina 666, namba ya mnyama? Tazama msimbomilia wa bidhaa yoyote: kushoto, katikati na kulia pana mistari miwili miwili myembamba, mara nyingi mirefu kuliko mingine. Tarakimu 6, ikiandikwa upande wa kulia, nayo inaanza na mistari miwili myembamba. Basi watu wakasema sita, sita, sita. Lakini ile mirefu si tarakimu. Ni mipaka: inaiambia mashine hapa ndipo pa kuanzia, hapa ni katikati, hapa ndio mwisho. Kilichokosa ni upana. Tarakimu 6 kamili ina nafasi nyeupe ndefu baada ya mistari yake, na mipaka haina.

Maandishi yanaingia ofisini

Mistari ya dukani ilijua tarakimu peke yake. Ofisini na maghalani watu walihitaji herufi pia. Mwaka 1974, David Allais na Ray Stevens wa kampuni ya Intermec walitunga alfabeti nyingine ya mistari, Code 39. Kila herufi ina sehemu tisa, mistari mitano na nafasi nne kati yake, na tatu kati ya hizo tisa ni nene. Inajua tarakimu zote, herufi kubwa zote 26 na alama chache, jumla 43. Kuna na alama ya nyota, ambayo kazi yake ni moja tu: kuanza na kumaliza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizara ya ulinzi ya Marekani iliwataka wanaoiuzia vifaa waitumie, na alfabeti hiyo ikaenea.

Uzuri wa Code 39 ni kwamba kila herufi inajitegemea. A ni A popote ilipo. Kwa hiyo, zilipokuja kompyuta za mezani zenye fonti za kubadilisha, hasa baada ya Apple kuuza printa yake ya leza mwaka 1985 na Windows 3.1 kuja na fonti za TrueType mwaka 1992, mtu aliweza kuiweka mistari ndani ya fonti. Unaandika nyota, neno, nyota. Unachagua fonti. Umemaliza. Kazi iliyohitaji kiwanda cha uchapaji ikawa ya karani mwenye barua ya kuchapa.

Hili tumelifanya wenyewe na linafanya kazi. Kikundi chetu kina rafu ya vitabu 120 vya kuazimana, na zamani daftari la kuazimia lilikuwa vurugu tupu. Tulifungua lahajedwali, tukaweka namba za vitabu safu ya A: RIW001, RIW002, na kuendelea. Safu ya B tukaweka fomula inayobandika nyota mbele na nyuma ya kilicho A:

="*"&A2&"*"

Safu ya B tukaipa fonti ya Code 39, tukaikokota fomula hadi chini, na lebo 120 zikapatikana kabla chai haijapoa. Baadaye tulihamia kwenye hifadhidata: jedwali la vitabu, jedwali la wanachama, jedwali la kuazima. Hapo tukajifunza kitu kingine. Ndani ya jedwali usihifadhi nyota. Hifadhi namba tupu, nyota ziongezwe wakati wa kuchapa lebo. Maana skana ikisoma mistari inatupa nyota na kuleta RIW001. Jedwali lako likiwa na *RIW001*, haviwezi kukutana, na kitabu kilichopo mkononi mwako kitaambiwa hakipo.

Lahajedwali nalo lina ujuaji wake. Ukiandika 00457, linadhani ni hesabu, linatupa sifuri zako na kukuachia 457. Ukiandika tarakimu 13 za kitabu, linaweza kukuonyesha kitu kama 9.79E+12. Na namba ikizidi tarakimu 15, zinazofuata linaweza kuzigeuza sifuri bila kukuuliza. Dawa ni moja: kabla ya kuandika chochote, iambie safu hiyo kwamba ni maandishi, si hesabu. Tena ni kweli. Namba ya kitabu haijumlishwi wala haigawanywi. Ni jina.

Kwa nini sisi tulikataliwa

Sasa turudi kwa keshia wetu. Kama Code 39 ni rahisi hivyo, kwa nini mistari ya kijitabu ilinyamaza? Kwa sababu maduka hayatumii alfabeti hiyo. Yanatumia ile ya Laurer, iliyoongezwa tarakimu moja na kuanza kutumika Ulaya mwaka 1977: EAN, yenye tarakimu 13. Na hiyo, bwana, haiandikwi herufi kwa herufi.

Ihesabu: chini yake kuna tarakimu 13, lakini zenye mistari ni 12. Ya kwanza haina mstari hata mmoja. Imefichwa. Tarakimu sita za upande wa kushoto kila moja ina maumbo mawili, tuyaite A na B, na mpangilio wa maumbo hayo ndio unaoitaja ile ya kwanza. Ikiwa ni 9, mpangilio ni ABBABA. Zile sita za kulia zote zinatumia umbo la tatu, C. Kwa njia hiyo mashine inajua hata kama umekigeuza kitabu juu chini. Sisi tulikuwa tumeandika tarakimu 13 mfululizo kwa umbo moja, bila mipaka ya mwanzo, kati na mwisho. Ni kama kumwandikia mtu barua ya konsonanti tupu. Fonti ya EAN inahitaji kwanza fomula au programu ndogo ya kuipanga namba, ndipo mistari itoke.

Kosa la pili lilikuwa kwenye namba yenyewe. Tarakimu ya mwisho si ya kujichagulia, ni mlinzi. Chukua namba ya mazoezi, 620123456789. Jumlisha zilizo nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11: 6+0+2+4+6+8 ni 26. Jumlisha zilizobaki: 2+1+3+5+7+9 ni 27. Hizi za pili zidisha kwa 3, unapata 81. Jumla 107. Ili ufike kumi inayofuata, 110, unahitaji 3. Basi namba kamili ni 6201234567893. Ukikosea tarakimu moja popote, hesabu haitoki na mashine inagoma. Ukibadilishana mbili zilizo jirani, mara nyingi inakukamata, isipokuwa zikiwa zimepishana kwa 5, kama 1 na 6. Hapo mlinzi amelala. Sisi tulikuwa tumenakili namba kwa mkono, na 3 ikawa 8. Hata kama mistari ingekuwa sahihi, mlinzi angetufukuza mlangoni.

Nchi ya vitabu

Lipo jambo la tatu, nalo ndilo lililonigusa zaidi. Tarakimu tatu za kwanza hutaja shirika la nchi lililotoa namba: 616 ni Kenya, 620 ni Tanzania. Watu husema 620 maana yake bidhaa imetengenezwa Tanzania. Sivyo. Maana yake ni kwamba mwenye namba aliipata kwenye shirika la Tanzania. Kiwanda chake kinaweza kuwa popote.

Vitabu havikuwekwa kwenye nchi hizo. Vilikuwa na namba zao tangu zamani, ISBN, iliyokubaliwa kimataifa mwaka 1970 ikiwa na tarakimu 10. Ili viingie kwenye skana za maduka, ikabuniwa nchi isiyokuwepo kwenye ramani yoyote, wakaipa 978. Kwa Kiingereza waliiita Bookland, yaani nchi ya vitabu. Tangu tarehe 1 Januari 2007 ISBN yenyewe ina tarakimu 13. Baada ya 978 ndipo zinafuata namba za kwetu: 9966 ni kundi mojawapo la Kenya, 9976 na 9987 ni ya Tanzania. Kwa skana, kijitabu cha pini kutoka Tandika au Eastleigh kinaanza na 978 sawasawa na riwaya iliyochapwa London.

Lakini hati ya kuingia katika nchi hiyo haitengenezwi kwa fonti. Inatolewa. Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya na huduma ya taifa ya maktaba. Mistari unaweza kuichora mwenyewe usiku kucha. Namba huwezi kuibuni, wala kuazima ya kitabu cha rafiki. Ukiazima, siku skana itakapolia, duka litaandika kwamba limeuza kitabu cha mwingine. Woodland alivumbua mistari. Lakini mistari ilianza kufanya kazi baada ya miaka 25, siku watu walipokubaliana nani anapewa namba gani, na jedwali likaandikwa. Wino ni wa kila mtu. Makubaliano ndiyo yaliyochelewa.

Namba yetu sisi ilikuwa halali. Tuliitazama upya kwenye karatasi tuliyopewa, tukasahihisha ile 3. Tukatafuta programu ya kupanga EAN, tukachapa lebo 200 nyeusi juu ya nyeupe, tukiacha nafasi tupu kushoto na kulia, maana skana inahitaji pa kuvutia pumzi. Safari hii hatukushangilia mapema. Tulikwenda kwanza na lebo moja kwenye duka la jirani, tukamwomba keshia aipitishe tu. Mashine ikalia, ikasema bidhaa haijulikani. Tukafurahi! Maana "haijulikani" ni jibu la mashine iliyosoma.

Tukakaa jioni mbili kubandika lebo juu ya makosa yetu, nakala moja moja. Duka la vitabu likaingiza namba, jina na bei kwenye jedwali lake, likachukua 40. Ukipata moja, ikwangue kidogo nyuma kwa kucha. Chini ya lebo utaona ile mistari yetu ya kwanza. Ni mizuri bado, na haisemi neno.